Nguzo Aliyoirefusha Filsan

Kila asubuhi, kabla jua la Garissa halijaanza kuchoma, Filsan alifagia uwanja, akateka maji kwenye mfereji wa jirani, kisha akamchemshia mama yake chai ya maziwa. Mama yake, Arbia, aliinywa akiwa amesimama, maana magari ya maziwa ya ngamia hayakumsubiri mtu. Yalifika alfajiri kutoka malishoni, yamesheheni madumu ya manjano hadi kwenye paa, na aliyechelewa kuyapokea alikatwa malipo ya siku hiyo.

Arbia alikuwa mpimaji katika bohari ya maziwa ya Haji Keynan. Alifungua kila dumu, akanusa, akaonja tone moja kiganjani, akaamua kama maziwa ni mazima au yameanza kuchacha, ndipo akayapima na kuyamimina kwenye tangi la baridi. Wapimaji walikuwa wanaume na wanawake. Walisimama kwenye meza moja, wakavaa buti za mpira za aina moja, wakafungua madumu yaleyale. Jioni tu, wakati wa kulipwa, ndipo walipotengana.

Filsan alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa gredi ya nane katika shule ya mtaa wa Bulla Rahma. Kaka yake, Abdimalik, alikuwa mbele yake kwa gredi moja. Baba yao aliishi Kotile na mbuzi wachache walionusurika ukame, na habari zake zilikuja mara moja moja, kama mvua. Aliyeitazama nyumba hiyo kwa karibu alikuwa kaka mkubwa wa baba, adeer wao kwa Kisomali, Adeer Sugow, dalali wa mifugo anayejulikana soko zima. Alikuwa ameahidi kumlipia mtoto mmoja shule ya bweni.

"Sina uwezo wa wawili," alisema siku moja mbele ya wote. "Nitamlipia yule ambaye masomo yake yatarudi nyumbani. Abdimalik si mwepesi wa hesabu, hilo nalijua. Lakini mvulana, hata akiwa mzito, hukosi kumpatia kazi. Msichana je? Nionyesheni."

Moyoni Filsan alikuwa na jibu. Jibu hilo liliitwa Rukiyo. Rukiyo alikuwa binti wa nyumba ya tatu, msichana wa kwanza katika njia yao kumaliza chuo kikuu. Kila asubuhi alipita na mkoba wake begani akienda kazini kwenye ofisi ya duka kubwa la jumla, naye Filsan alisimama mlangoni kumtazama mpaka akate kona.

Muhula wa pili, Mwalimu Naimo aliingia darasani amebeba bahasha nene. Mwalimu Naimo alikuwa mwanamke mwenyeji wa Buna, kule Wajir Kaskazini. Alifundisha hesabu kwa sauti ya chini, na kwa sababu hiyo darasa zima lilinyamaza ili limsikie.

"Hizi ni karatasi za sensa," alisema huku akizigawa. "Serikali ilipotuhesabu, iliuliza mambo mengi. Nani ni wa kike, nani wa kiume, nani amesoma mpaka wapi, nani ana kazi na nani anaitafuta. Tazameni safu za kaunti yetu, mniambie mnaona nini."

Wanafunzi waliinamia karatasi. Sadia, aliyeketi na Filsan dawati moja, alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Sadia alizaliwa katika familia ya wakulima wa kando ya mto Tana, watu ambao mjini waliitwa "watu wa mtoni", na wakati mwingine majina mabaya kuliko hilo.

"Wanawake wenye kazi ni wachache kuliko wanaume, mwalimu," alisema.

"Vizuri. Na wale wenye kazi, wanapata sawa na wanaume?"

Sadia alitafuta kwenye karatasi. "Haisemi."

"Haisemi," Mwalimu Naimo alikubali. "Sensa haikuuliza mtu analipwa kiasi gani. Basi tutauliza sisi. Tutafanya sensa yetu ndogo hapa Bulla Rahma. Mtaenda wawili wawili. Mtauliza kazi, elimu, jinsia, jamii na kipato. Majina hamtaandika. Kisha tutatafuta wastani wa kila kundi na kuchora grafu. Siku ya wazazi tutawaonyesha watu wetu sura yao wenyewe."

Filsan alifurahi kama aliyepewa zawadi. Hatimaye Adeer Sugow angeonyeshwa alichotaka kuonyeshwa. Alimshika Sadia mkono. "Wewe na mimi," alisema. "Na tutaanza kwa Rukiyo."

Rukiyo aliwakaribisha kwa soda na mkeka safi. Alijibu maswali haraka haraka, mpaka walipofika swali la kipato. Hapo aliitazama chupa yake kwa muda.

"Mtaandika kweli?" aliuliza.

"Ndiyo, abaayo," alisema Filsan, akimwita dada. "Hatuandiki jina."

Rukiyo akataja. Filsan alidhani hakusikia vizuri. Ilikuwa pesa ndogo, iliyozidi kidogo tu malipo ya mama yake, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

"Kwa wiki?" Filsan aliuliza.

"Kwa wiki? Ningekuwa nimekuwekeeni na biskuti!" Rukiyo alicheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. "Ni kwa mwezi, dada yangu. Karani mwenzangu hakumaliza sekondari. Mimi ndiye ninayemsahihishia hesabu zake, na analipwa karibu mara mbili yangu."

"Kwa nini?"

"Nimeuliza. Wanasema yeye ana familia ya kulisha. Mimi wanasema nitaolewa."

Filsan hakuandika. Sadia ndiye aliyeandika.

Kutoka hapo walikwenda kwenye bohari ya maziwa. Wanaume wa mezani walitaja malipo yao bila wasiwasi. Wanawake walitaja yao kwa kunong'ona, na yalikuwa pungufu sana. Mwisho walimfikia Mustafe, kaka yake Sadia, kijana mwenye mabega mapana aliyekuwa akisuuza madumu. Malipo yake yalikuwa chini hata ya wanawake.

"Lakini wewe ni mwanamume," Filsan alisema kwa mshangao.

"Mimi ni mtu wa mtoni," Mustafe alijibu, kama anayetaja hali ya hewa. "Wanasema sisi hatuyajui maziwa ya ngamia."

"Na unapima?"

"Kila siku napima. Na juu ya hayo naosha madumu."

Sadia aliandika na hilo pia, kwa mwandiko uleule ulionyooka, bila kumtazama Filsan.

Makundi yote yalipomaliza, Mwalimu Naimo alimchagua Filsan kukusanya majibu, kwa sababu alikuwa hodari wa wastani na mkono wake ulikuwa mzuri. Alimpa karatasi kubwa ya manila na kalamu za rangi. "Ukimaliza niletee kwanza niitazame," alimwambia.

Mchana huo darasa lilikuwa tupu na bati la paa lilikuwa linalia kwa joto. Filsan alikokotoa, akarudia, akarudia tena akitumaini amekosea. Hakukosea. Alichora nguzo kwa penseli. Nguzo ya wanaume waliosoma ilisimama ndefu kuliko zote. Nguzo ya wanaume wasiosoma ilikuwa fupi kiasi. Nguzo ya wanawake waliosoma, yaani kina Rukiyo, yaani yeye mwenyewe alivyotaka kuwa, ilisimama chini ya hiyo. Ya wanawake wasiosoma ilikuwa ndogo. Ya watu wa mtoni ilikaa chini kabisa, kama kizingiti cha mlango.

Filsan aliitazama ile picha na kuona uso wa Adeer Sugow ukiisoma. Nionyesheni, alikuwa amesema. Hapa angeonyeshwa kwamba msichana akisoma chuo kikuu, atapata pungufu kuliko mvulana aliyeacha shule. Angeichukua nafasi ya bweni na kumpa Abdimalik, na nani angeweza kumlaumu? Hesabu zenyewe zingekuwa upande wake.

Akachukua kifutio. Aliifuta nguzo ya wanawake waliosoma na kuirefusha mpaka ikakaribia ya wanaume. Ikaonekana ya ajabu kusimama peke yake, basi akairefusha na ile ya wanawake wasiosoma. Kisha akapaka rangi.

Hakuipeleka kwa mwalimu. Alingoja asubuhi ya siku ya wazazi, viti vikiwa vinapangwa na kila mtu ana haraka, ndipo akaibandika ukutani. Sadia alikuja akasimama mbele yake.

"Rukiyo hakutuambia hivi," alisema Sadia.

"Nyamaza, Sadia. Tafadhali. Adeer wangu anakuja."

Sadia aliendelea kuitazama, nguzo kwa nguzo, mpaka ile ya mwisho. "Ya Mustafe umeiacha palepale," alisema taratibu. "Umewapandisha wenu tu."

Ukweli ni kwamba wakati Filsan akifuta na kurefusha, Mustafe hakumpitia akilini hata kidogo. Sadia akaenda kuketi nyuma kabisa.

Wazazi walifika. Arbia hakuwamo, kwa sababu bohari haikumpa ruhusa. Lakini Adeer Sugow alikaa mstari wa pili, fimbo yake magotini, na mbele kabisa alikaa Haji Keynan mwenyewe, maana alikuwa mwenyekiti wa wazazi. Filsan alisimama akaieleza grafu kwa Kiswahili safi. Alipofika kwenye nguzo ya wasichana waliosoma, sauti yake haikutetemeka, na hilo lilimwogopesha yeye mwenyewe.

Mwalimu Naimo alikunja uso. "Filsan, hebu nguzo hiyo..." alianza kusema.

Lakini Haji Keynan alikuwa tayari amesimama. "Mashaallah!" alisema. "Mimi kila siku naambiwa Garissa inanyima wanawake haki. Leo watoto wamehesabu, na mimi nimeona kwa macho yangu. Mwanamke na mwanamume karibu sawa! Mwalimu, umefanya kazi nzuri. Wapigieni watoto makofi."

Watu wakapiga makofi. Adeer Sugow alimsubiri Filsan mlangoni. "Sikujua," alimwambia, na kwa mara ya kwanza aliweka mkono wake kichwani mwa Filsan. "Kama masomo ya msichana yanalipa namna ile, basi nitakulipia wewe. Nimeshaamua."

Hiyo ndiyo siku aliyokuwa ameiomba Filsan kwa muda mrefu. Alirudi nyumbani akitembea polepole, na furaha aliyoitafuta hakuiona popote.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Filsan alikuwa akianika nguo pale mama yake alipoingia, jua likiwa bado utosini. Arbia hakuwahi kurudi saa hizo. Aliketi kwenye kigoda, buti za mpira zikiwa miguuni, na hakuzivua.

"Hooyo, unaumwa?" Filsan aliuliza.

"Siumwi." Arbia aliziangalia buti zake. "Leo tulikwenda kwa Haji, wanawake wote wa mezani. Tulikuwa tumepanga tangu mwezi uliopita. Mimi ndiye niliyesema. Nikamwambia, Haji, tunafanya kazi moja na wanaume, tunaomba malipo yawe moja. Sikupayuka. Nilisema kwa heshima."

"Akasemaje?"

"Akasema natafuta fitina. Akasema wanawake wa Bulla Rahma wanalipwa karibu sawa na wanaume, watoto wa shule wamehesabu na wazazi wote wameona ukutani. Nikamwambia hesabu hiyo ina makosa. Akaniuliza, unajua ni nani aliyeichora? Nikasema sijui." Arbia aliinua macho. "Akacheka mbele ya wenzangu wote. Akasema, ni binti yako."

Nguo iliyokuwa mikononi mwa Filsan ilidondoka mchangani.

"Kisha akasema asiyeridhika na apumzike nyumbani," Arbia aliendelea. "Wenzangu wakarudi mezani. Mimi nikaja kupumzika."

Kuku walikuwa wakichakura karibu na jiko. Arbia aliuliza swali lake kwa upole, na upole huo ulimwuma Filsan kuliko fimbo. "Ulikosea hesabu, mwanangu? Mtu hukosea."

Njia ya kujinasua ilikuwa wazi mbele ya Filsan. Ndiyo, hooyo, nilikosea. Ingetosha. Mama yake angemsamehe kabla ya kumaliza kusema.

"Sikukosea," Filsan alisema. "Nilizijua za kweli. Nilizibadilisha. Nilitaka adeer aone kwamba masomo ya msichana yanalipa, ili anilipie mimi."

Arbia hakumpiga, wala hakumkaripia. Alivua buti moja, kisha nyingine, akaziweka ukutani. Adhana ya adhuhuri ilipolia, alichukua birika akaenda kutawadha. Mchana ule wote hawakuzungumza tena, na Filsan alitamani angepigwa.

Jumatatu alimkuta Mwalimu Naimo tayari ana majibu yote ya wanafunzi mezani, kalamu nyekundu mkononi. Filsan alisimama mbele yake akasema kila kitu, tangu kifutio hadi buti za mama yake. Mwalimu aliiweka kalamu chini.

"Nami nina kosa langu," alisema mwishowe. "Nilipaswa kuiona kabla haijafika ukutani. Lakini lako ni kubwa zaidi. Watu walitufungulia milango yao, Filsan. Walinong'ona kwa aibu, na sisi tukapaza sauti tukasema kitu kingine."

"Mwalimu," Filsan aliuliza, machozi yakimtoka, "kama ndivyo ilivyo, tunasoma kwa nini?"

Mwalimu Naimo alitazama nje ya dirisha. Filsan alingoja lile jibu ambalo walimu huwa nalo.

"Mimi mwenyewe nimo katika ile nguzo fupi," alisema mwalimu. "Mwalimu wa kiume aliyeajiriwa na kamati ya shule siku moja nami anapata zaidi. Sina jibu la kukufurahisha, na sitakutungia. Nenda umwite Sadia. Mtaichora upya, pamoja."

Sadia alikuja, akasikia, akakubali. Alikuwa na sharti moja tu. "Nguzo ya watu wa mtoni naichora mimi," alisema. Aliichora kwa rangi nyeusi iliyokoza, fupi kama ilivyokuwa, akaandika chini yake kwa herufi kubwa: KAZI ILEILE. Filsan alimwomba radhi. Sadia alitikisa kichwa kukubali, lakini mchana ule alikula chakula chake na wasichana wengine.

Mwalimu aliwapeleka wote wawili kwenye bohari na grafu mpya. Haji Keynan aliitazama kwa makini, maana hakuwa mtu mjinga. Kisha akaikunja taratibu na kumrudishia mwalimu.

"Ijumaa mlisema hivi. Leo mnasema vile," alisema. "Kesho mtasema nini? Nitaiamini ipi?"

"Hii ndiyo ya kweli, Haji," alisema Filsan. "Ile niliiharibu mimi. Mama yangu hana hatia."

"Naam. Na mimi nitajuaje kwamba hii hukuiharibu?"

Mwalimu Naimo alimweleza namna hesabu ilivyofanywa, Haji akasikiliza kwa adabu na kutikisa kichwa. Malipo hayakuguswa, ya wanawake wala ya Mustafe. Lakini Ramadhani ilikuwa inakaribia na maziwa yalitakiwa kwa wingi, kwa hiyo alisema Arbia arudi mezani kwake, kwa malipo yaleyale, na asiongoze tena mtu yeyote kuja ofisini.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote. Filsan alikwenda peke yake soko la mifugo. Alimpata Adeer Sugow kati ya vumbi na mlio wa mbuzi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mnunuzi, wakipatana bei kwa vidole chini ya kitambaa. Alingoja mpaka biashara ikaisha, akamwambia.

Adeer Sugow alimsikiliza akiegemea fimbo. "Kwa hiyo ulinidanganya," alisema.

"Ndiyo, adeer."

"Na zile za kweli zinasema nini?"

Filsan akamwambia. Hakupunguza wala hakuongeza.

"Basi nikulipie kwa nini?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama dalali anayetaka kweli kujua sifa za mnyama.

Filsan alitafuta jibu. Alitafuta katika yote aliyowahi kufundishwa, akakumbuka uso wa Mwalimu Naimo dirishani, na hakulipata. "Sijui, adeer," alisema. "Napenda kusoma. Hilo tu ndilo ninalolijua."

Adeer Sugow alitazama mbuzi wakipandishwa kwenye lori. "Abdimalik atakwenda bweni," alisema. "Wewe mama yako atakutafutia shule ya kutwa, kama ataweza. Sikuadhibu kwa kunidanganya, nakwambia mapema. Umekuja mwenyewe kuniambia, na hapa sokoni sijaona wengi wa namna hiyo. Lakini pesa zangu ni za mtoto mmoja, na hizo namba zako za kweli zimeshasema."

Alimpa nauli ya tuk-tuk. Filsan aliamua kutembea.

Grafu mpya ilibandikwa ukutani darasani. Mwalimu Naimo alipeleka nakala kwenye ofisi ya wadi, ikapokelewa na kugongwa muhuri, na hakuna aliyepiga simu. Wanafunzi wengine walimtania Filsan kwa siku chache, kisha wakachoka. Mustafe aliendelea kupima maziwa na kuosha madumu. Rukiyo aliendelea kupita asubuhi na mkoba wake, na Filsan sasa alimsalimia badala ya kumtazama tu.

Jioni moja, Arbia alikuwa ameketi mkekani akijikanda miguu. Alimwita Filsan akae karibu naye. Tangu ile Jumamosi walikuwa wakizungumza mambo ya maji na kuni tu.

"Nisomee," alisema.

"Nikusomee nini, hooyo?"

"Zile namba. Za kweli. Mimi sijui kusoma, na kila mtu ameziona isipokuwa mimi."

Filsan alileta daftari lake akazisoma, kundi baada ya kundi. Mama yake alisikiliza huku amefumba macho. Alipomaliza, Arbia alifumbua macho.

"Hakuna jipya hapo," alisema. "Hayo yote nayajua. Miguu yangu inayajua. Unadhani mtu anayelipwa pungufu anahitaji karatasi imwambie?"

"Sasa faida yake nini, hooyo?"

"Faida yake ni shahidi. Mimi nikisema peke yangu, naitwa mchochezi. Nilihitaji mtu mwingine, asiye mimi, aseme: nimeona, ni kweli. Mwenyezi Mungu akanipa shahidi huyo ndani ya nyumba yangu, mtoto niliyemzaa, anayejua kuandika. Na siku aliyoitwa kusimama, akashuhudia uongo." Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa na uchovu wa mtu aliyebeba kitu kutoka mbali. "Ulitaka kujisaidia, nakuelewa. Lakini uongo unaotungwa kwa ajili ya mtu mmoja huwakalia wengi vifuani. Umenikalia mimi, umewakalia kina Rukiyo, na yule kijana wa mtoni hukumtazama hata kwa uongo. Na sasa tumeupata ukweli, lakini hakuna anayeuamini, kwa sababu ulikuja wa pili."

Filsan aliinamisha kichwa. "Nifanye nini, hooyo?"

"Mwakani Mwalimu Naimo atahesabu tena?"

"Amesema atahesabu."

"Basi nenda tena na yule Sadia, kama atakukubali. Watu watawafungia milango. Gongeni mlango mwingine. Andika atakachosema mtu, kizuri kibaya, hata kama kitakunyima shule, hata kama kitaninyima kazi. Huenda hawatawaamini mwaka huo pia. Imani ni kama kisima kilichofukiwa, mwanangu. Kufukia ni kazi ya siku moja. Kufukua, huenda wewe usiyanywe maji yake." Alinyoosha miguu yake iliyovimba juu ya mkeka. "Lakini hatuna njia nyingine. Sasa soma tena, polepole. Anza na sisi wa bohari. Nataka nizishike kwa moyo, kila moja, ili siku nikiulizwa nisikosee."

Filsan akalifungua daftari upya. Alisoma namba ya kwanza, akangoja, na mama yake akairudia kwa sauti.